Maji Yalipofika Nyumbani

Jumapili, 7 Desemba

Nimerudi nyumbani jana jioni. Kidato cha nne kimekwisha. Mwalimu wetu wa Kiswahili alituambia tukiwa tunasubiri matokeo tuandike kila siku, hata mstari mmoja. Mimi si mtu wa kuongea, shuleni waliniita Kimya, kwa hiyo nitajaribu hili.

Nyumba siitambui. Mara ya mwisho kulala hapa ilikuwa Krismasi iliyopita, kwa sababu likizo ya Juni sisi wa kidato cha nne tulibaki shuleni. Sasa kuna ukuta wa matofali, geti jeusi la chuma lenye kengele ya umeme, jiko la gesi, friji, na bomba uani. Baba ni dereva wa watalii, anawapeleka kreta ya Ngorongoro, na leo alinitembeza nyumba yetu kama anavyowatembeza wageni wake. Tulipofika kwenye bomba akasimama.

"Fungua mwenyewe, Sabina."

Nikafungua. Maji yakaja kwa nguvu mpaka viatu vikalowa. Baba akacheka.

"Kwenye mikutano wanasema tu kumtua mama ndoo kichwani. Mimi nimemtua kweli. Kazi ya mama yako sasa ni kupumzika."

Najua kwa nini bomba hili lina maana kwake. Alipokuwa mdogo, mama yake aliteleza kwenye njia ya chemchemi, akiwa na ndoo. Wanawake aliokuwa nao wakambeba kwenye kitenge mpaka nyumbani. Mgongo haukupona tena mpaka akafa. Baba aliapa kwamba mke wake hataishia kwenye njia ile.

Mama alikuwa amesimama mlango wa jikoni akitutazama. Alitabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu anayepigwa picha na mgeni asiyemjua.

Jumanne, 9 Desemba

Mvua. Baba amenipa simu ya zawadi. Nimeshinda nayo kitandani.

Ijumaa, 12 Desemba

Mama bado anaamka kabla hakujapambazuka, kama zamani. Anaoga, anajifunga kitenge, anafunga kilemba. Zamani baada ya hapo alichukua ndoo, akateremka chemchemini na jirani yetu mama Hilary na wengine, na sisi watoto tulijua kumekucha kwa kusikia vicheko vyao vikirudi mlimani. Siku za Jumamosi walikwenda pamoja mashineni kusaga. Sasa unga unakuja dukani umefungwa.

Leo nilimkuta amekaa kwenye kigoda jikoni, amevaa vizuri, mikono mapajani. Hakuna kilichokuwa kinapikwa. Nikamuuliza kama anataka kwenda mahali.

"Hapana," akasema. "Niende wapi?"

Jumamosi, 13 Desemba

Nasha amekuja na maziwa. Ni Mmasai, kwao kijiji cha Piyaya, ameolewa huku chini kwetu. Zamani alikuja kila asubuhi na alikunywa chai, na mama alikuwa akimfundisha Kiiraqw, lugha yetu, wanacheka mpaka maziwa yanachemka na kumwagika. Sasa kwa sababu ya friji analeta ya wiki nzima mara moja.

Alibonyeza kengele, nikaenda kufungua.

"Nyumba yenu imekuwa geti la Loduare, la kuingilia hifadhini," akaniambia. "Bila kibali huoni hata mkia wa nyati. Yeyo, mama yako, yuko wapi?"

"Yuko ndani."

"Anaumwa?"

"Hapana. Anapumzika."

Nasha akanitazama. "Anapumzika kutoka nini?"

Akachukua madumu yake matupu, akaenda.

Jumanne, 16 Desemba

Mvua. Baba yupo na wageni, siku nne. Nimeangalia simu mpaka macho yameuma.

Ijumaa, 19 Desemba

Mvua. Mama hakula mchana.

Jumapili, 21 Desemba

Baada ya misa mama aliondoka haraka kwa mlango wa pembeni. Wanawake wa jumuiya yetu walikuwa wamesimama mbele ya kanisa wakisalimiana. Mama Hilary alinyanyua mkono. Mama aliuona, najua aliuona.

Njiani nikamuuliza kwa nini haendi tena kusali jumuiya. Tulipofika kwenye shamba la maharage akasema:

"Mwezi wa kumi zamu ya kuikaribisha jumuiya ilikuwa yangu. Nilipika makande, nikachemsha chai sufuria kubwa, nikapanga viti sebuleni. Hakuja mtu hata mmoja."

"Hata mama Hilary?"

"Hata yeye."

Nimekasirika sana. Baba alikwishasema kwamba watu wana wivu wakiona mwenzao amepata. Mimi niliona ni maneno ya majivuno, lakini leo nimeona alisema kweli. Mtu amekula kwenu miaka yote, umepata bomba, basi umekuwa adui.

Ijumaa, 26 Desemba

Krismasi imepita. Kaka Lazaro alikuja kutoka Arusha na king'amuzi cha televisheni. Tukala pilau tukitazama televisheni. Baada ya chakula baba alilala, Lazaro akawa na simu yake, mimi na yangu. Nilipoinua kichwa mama hakuwepo. Alikuwa jikoni anapakua pilau kwenye sahani ya maua, akaifunika na sahani nyingine, akaifunga kwa kitambaa. Krismasi zote tangu nizaliwe sahani hiyo ilikwenda kwa mama Hilary, na yake ikaja kwetu.

Aliishika sahani, akafika mpaka getini. Akasimama. Akarudi, akaiweka kwenye friji.

Jumatatu, 29 Desemba

Sahani bado imo kwenye friji. Hakuna anayeigusa. Zamani ingekwishaoza na tungeitupa, basi. Friji inaitunza.

Alhamisi, 1 Januari

Mwaka mpya. Mvua kubwa. Kwenye simu kila mtu anaruka na kucheza.

Jumapili, 4 Januari

Leo nilisikia maji yakimwagika uani kwa muda mrefu. Nikatoka. Ndoo ilikwishajaa zamani, maji yanapita juu na kwenda mferejini, na mama amesimama anayatazama. Nilifunga bomba. Hakushtuka.

"Mama, unawaza nini?"

"Siwazi kitu."

Jioni nimetafuta kwenye simu. Nimesoma kuhusu ugonjwa wa sonona. Mgonjwa halali vizuri, hali chakula, hafurahii kitu, anajiona hana kazi duniani. Nilisoma kila mstari nikimwona mama. Halafu nikasoma kwamba unaweza kumpata mtu hata kama hana shida yoyote, na nikafikiri, huyu aliyeandika hajui, kwa sababu labda shida ndizo zilizokuwa zinamshika mama asianguke. Sijui kama nimeandika jambo la akili. Na mimi mwenyewe tangu nirudi sijaongea na mtu uso kwa uso zaidi ya watu wa nyumba hii na Nasha. Nina marafiki wengi kwenye simu, na kila nikiizima najisikia kama nimetupwa.

Jumanne, 6 Januari

Mama amesema maneno machache. Bomba limeongea kutwa.

Jumamosi, 10 Januari

Baba amerudi. Nilimwambia kuhusu sonona, nikisema huku natazama sakafu. Alikuwa anavua buti.

"Mama yako amechoka tu," akasema. "Miaka ishirini ya kubeba haitoki mwilini kwa mara moja. Atakaa Babati kwa shangazi yako, huko hatashika hata ufagio. Atarudi mpya."

"Lakini, baba…"

"Lakini nini?"

Nikasema hakuna kitu. Mimi ndivyo nilivyo.

Jumatano, 14 Januari

Vuli inaelekea kwisha, anasema baba. Maharage yameanza kukauka.

Jumamosi, 17 Januari

Sijui nianzie wapi. Nitaandika yote.

Asubuhi niliamka kwa sababu nyumba ilikuwa kimya zaidi ya kawaida. Kigoda cha jikoni kilikuwa kitupu. Kitanda chake kilikuwa kimetandikwa. Nikatoka nje bila viatu: geti lilikuwa wazi, na kwenye msumari wa ghalani ndoo ya zamani ya bati haikuwepo. Baba alikuwa amelala lodji huko juu na wageni. Nikakimbia peke yangu.

Njia ya chemchemi ilikuwa utelezi mtupu, maana mvua ilinyesha usiku. Nilipofika pale alipoanguka bibi, penye ule udongo mwekundu unaoning'inia juu ya korongo, nilisimama. Nilitazama korongoni kwanza. Nitaliandika hili kwa sababu ni kweli: nilitazama korongoni nikimtafuta mama yangu.

Hakuwepo. Nikateremka, na chini kidogo nikamwona anapanda, ndoo kichwani imejaa, haimwagiki hata tone, shingo imenyooka kama zamani. Nyuma yake mbali walikuwa wanawake wengine, wamesimama pale chemchemini na ndoo zao, wanamtazama. Hakuna aliyekuwa anaongea. Nikamwamkia. Hakuitikia. Nikamfuata mpaka nyumbani.

Akajitua mwenyewe. Akamimina yale maji kwenye pipa lililo chini ya bomba, pipa ambalo lilikuwa limejaa tayari, yakamwagika yote chini. Halafu akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Walinipisha," akasema.

"Nani, mama?"

"Wote. Nilipofika walikuwa wanaongea, wakanyamaza. Wakasogeza ndoo zao. Wakasimama pembeni, wakaniacha nichote peke yangu. Hakuna aliyenisogelea. Mama Hilary akatazama chini."

Nikamwambia labda ni adabu tu. Akatikisa kichwa.

"Wewe ni mtoto wa siku hizi. Hujui metimani."

Nilikuwa nimelisikia neno hilo lakini sikuwahi kuelezwa. Akanieleza, na sijamsikia akiongea hivyo tangu nirudi. Zamani, kabla ya yeye kuzaliwa, nyumba ya Wairaqw iliyopatwa na jambo baya, kifo cha namna fulani au mimba isiyo na ndoa, iliwekwa metimani. Watu wake walitengwa. Hawakuteka maji pamoja na wengine, hawakukoka moto kwa kaa la jirani, ng'ombe wao hawakupita njia moja na ng'ombe wa watu. Wakitokea njiani, watu walisimama pembeni, wakawapisha. Hawakutukanwa wala kupigwa. Walinyamaziwa tu, mpaka muda uishe.

"Bibi yangu alikuwa anasema heri kuchapwa," mama akasema. "Sasa nitazame. Moto wangu unatoka kwenye mtungi. Maji yangu yako peke yake. Ukuta umenizunguka. Nimewekwa metimani, Sabina. Waliotengwa zamani walijua walichofanya. Mimi nimekosa nini?"

Nilitaka kumshika mkono. Nilichukua muda mrefu kuamua, na nilipomshika ulikuwa wa baridi sana.

Jumapili, 18 Januari

Mama hakwenda misa. Amelala akitazama ukuta.

Jumatatu, 19 Januari

Nimempigia baba simu. Amesema atampeleka Babati mara tu maharage yakishapurwa kwa mashine, katikati ya Februari, wageni wakipungua. Nyuma yake nilisikia mtu akipiga kelele kwa Kiingereza kwa sababu ameona faru.

Nimeiacha simu sebuleni, nimekuja kuandika. Kukaa mahali ambapo hakuna anayemwita ndiko kulikomfanya mama awe hivi. Babati atakuwa na kitanda kizuri, na ukuta, na hatamjua mtu. Naogopa akienda huko hatarudi, hata kama mwili wake utarudi.

Ijumaa, 23 Januari

Jua. Tumeng'oa maharage mimi na vibarua. Mama hakutoka.

Jumatano, 28 Januari

Jua. Sahani ya Krismasi nimeitoa, nikaiosha. Mama aliniona.

Jumamosi, 31 Januari

Matokeo yametoka. Nina daraja la pili. Baba amepiga kelele kwenye simu mpaka nikaiweka mbali na sikio.

Nikaenda chumbani kwa mama. Nilikuwa nimengoja siku hii miaka minne.

"Vizuri, mwanangu," akasema. Halafu akauliza: "Utaondoka lini?"

Jumanne, 3 Februari

Nimekwenda chemchemini. Mimi, Kimya.

Nilichukua ndoo ili nisionekane nimeenda kuongea. Walikuwepo wanne, na mama Hilary amekaa juu ya jiwe lake akisugua dumu kwa mchanga. Waliponiona wakasimama, wakasogea pembeni, kama mama alivyosema.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba," mmoja wao akaitikia. "Chota, mwanangu, chota wewe kwanza."

"Kwa nini nichote kwanza? Nimewakuta."

Wakatazamana. Mama Penina, ambaye hajawahi kuuzuia mdomo wake, akasema, "Wewe ni mtoto wa bosi. Bomba lenu limekauka? Au mmekuja kuonja maji ya maskini?"

"Mama Penina, acha," mama Hilary akamkemea.

"Naacha nini? Wakija wenyewe niseme nini? Siku ile mama yake alitokea hapa kama mkaguzi. Tukampisha kwa heshima, akachota, akaondoka hata salamu hakuacha."

Nilitaka kukimbia. Ndoo yangu ilikuwa imejaa na bado nilikuwa nimeishika chini ya maji. Nikasema, na sauti ilitoka ndogo, "Mwezi wa kumi aliwapikia makande. Hamkuja."

Mama Hilary akaacha kusugua.

"Hatukuja? Sabina, tulikuja watu kumi na mvua mgongoni! Tukabonyeza hicho kidude chenu. Tukabonyeza, tukabonyeza."

"Mimi kidole kiliingia shimo," akasema mama Penina.

"Tukapiga hodi mpaka mbwa wenu akachoka kubweka, akalala. Tukasali fungu moja la rozari hapo hapo getini, labda atasikia. Kimya. Tukasema basi, amebadili mawazo, hataki matope yetu kwenye vigae vyake. Tukarudi."

Nikauliza kama umeme ulikuwepo siku ile. Wakafikiri. Mama Penina akakumbuka kwamba hata kanisani walisali na mishumaa jioni yake, maana umeme ulikatika kutwa.

Na jikoni kwetu ni nyuma kabisa, na bati halina dari. Mvua ikinyesha hata ukiitwa ukiwa mlangoni husikii. Zamani mgeni hakuishia mbali hivyo. Alikuja mpaka kizingitini.

Kisha nikawaambia la mwisho, lile nililoogopa. Kwamba mama anasema walimpisha. Kwamba anaamini wamemweka metimani.

Neno hilo lilipotoka, mwanamke mzee aliyekuwa nyuma akaguna na kugeuka. Mama Hilary akakaa tena juu ya jiwe, taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba.

"Sisi?" akasema. "Mimi na yeye tumebeba mimba pamoja kwenye njia hii. Lazaro nilimpokea kwa mikono hii, kule juu kwenye mwinuko, hatukuwahi kufika zahanati. Nimweke metimani mimi?"

Akalia bila kuficha. Mama Penina akawa anachota maji na kuyamwaga, anachota na kuyamwaga.

Nikawaomba waje. Mama Hilary akajipangusa.

"Tukija kusema pole atajifunika shuka. Namjua. Maharage yenu yamekauka?"

"Yamekauka. Baba ameagiza mashine."

"Basi mwambie baba yako mashine hiyo aipeleke kwingine. Tutakuja na fimbo."

Alhamisi, 5 Februari

Baba amerudi. Nimekaa siku mbili nikipanga maneno. Leo alikuwa anaosha gari uani kwa mpira kutoka kwenye bomba lile lile. Nikamweleza yote, geti, kengele, mvua, makande, chemchemi. Nikamwomba wanawake waje kupura, na mama asipelekwe Babati.

Aliendelea kuosha tairi moja kwa muda mrefu.

"Kila tofali la ukuta huu nimelilipia kwa vumbi la kreta," akasema, hakunitazama. "Nimemwondolea mama yako kila kilichomuua mama yangu. Na wewe unasimama hapo unaniambia nimemfunga?"

Siku nyingine ningesema hapana, samahani, baba. Sijui leo nilitoa wapi nguvu.

"Bibi alipoanguka njiani, baba, nani alimbeba mpaka nyumbani?"

Mpira ulibaki mkononi mwake unamwaga maji chini. Yalipita katikati ya miguu yake, yakafika kwenye miguu yangu. Baadaye akaenda akafunga bomba, akaingia ndani.

Ijumaa, 6 Februari

Baba ameondoka na wageni alfajiri. Hakuniaga. Nilipotoka nikakuta geti liko wazi, limewekewa jiwe kubwa lisijifunge.

Jumanne, 10 Februari

Wanawake wa chemchemini walikuja asubuhi, wakapita getini bila kugusa kengele, wakapiga hodi kizingitini. Mama alikuwa amelala, ameelekea ukutani. Nikamwambia wamekuja kupura. Akavuta shuka.

"Waambie mashine inakuja."

"Haiji."

"Basi waambie naumwa."

Nikawaambia. "Sawa, augue," akasema mama Hilary kwa sauti ya kufika chumbani. Wakatandika maturubai uani, wakamwaga maharage, wakaanza kupiga.

Kupura maharage kuna mwendo wake. Upande huu unapiga, upande ule unajibu, fimbo hazigongani na punje hazirukii majanini. Wanawake hawa wamepura tangu utoto. Lakini leo walipiga kama walevi. Fimbo ziligongana, maharage yakarukia kwenye gari bovu ambalo Lazaro aliliacha uani, yakagonga madirisha. Nasha alikuwa amekuja na maziwa, naye akapewa fimbo, na yeye kweli hajui, akawa anapiga kama anamfukuza fisi zizini. Nilianza kuokota punje huku nikiogopa. Kisha nikamwona mama Hilary amejifunika mdomo kwa upande wa khanga, na nikaelewa kwamba ni makusudi.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Mama alikuwa na kitenge cha kulalia, nywele zimesimama.

"Mnapura maharage au mnaua nyoka?"

Fimbo zote zikasimama.

"Kumbe yumo!" akasema mama Hilary. "Sisi tulidhani siku hizi hapa anaishi bomba peke yake."

Mama hakucheka. Akateremka, akamnyang'anya Nasha fimbo, akasimama mahali pake mbele ya mama Hilary. Akapiga. Mama Hilary akajibu. Akapiga tena. Wengine wakaingia mmoja mmoja mpaka ukawa mwendo mmoja, na uani kwetu kukasikika sauti ambayo sijaisikia tangu nikiwa darasa la saba.

Walipopumzika nikaleta chai. Mama alikuwa anatazama kikombe.

"Siku ile nilipika makande," akasema.

"Tunajua," akasema mama Hilary. "Tulisikia harufu yake. Tulikuwa getini, ayo, mama yangu, na mvua inatupiga. Tulisikia mpaka harufu ya kitunguu."

Mama akaweka kikombe chini. Akalia kilio kikubwa, cha sauti, kama cha msibani, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Mama Penina alisogea, akakaa karibu naye, bega kwa bega, na kwa mara ya kwanza hakusema neno.

Jumatano, 11 Februari

Mama amelala kutwa. Nimeogopa kwamba jana haikusaidia kitu. Jioni amekula ugali kidogo.

Jumatatu, 16 Februari

Baba amempeleka mama hospitali. Alivaa shati lake la kazini, akakaa naye kwenye foleni. Daktari amesema ni sonona kweli, amempa dawa na tarehe ya kurudi. Amemuuliza mama: "Unaongea na nani kila siku?" Baba ndiye aliyenisimulia. Alisema mama alifikiri kidogo, akajibu: "Nilikuwa naongea na watu. Nitaanza tena."

Babati hakuna aliyeitaja.

Alhamisi, 19 Februari

Siku mbaya. Hakuamka. Mama Hilary alikuja akakaa kitandani kwake akichambua maharage, hakuongea sana. Jumuiya itasali hapa kwetu Jumamosi.

Jumapili, 22 Februari

Mama Hilary na mama wamegombana leo uani, kwa sauti, kuhusu ndoo ya nani ilivunjwa na nani miaka kumi iliyopita. Nimesikiliza ugomvi wote. Sikuwahi kusikia kitu kizuri namna ile.

Jumamosi, 28 Februari

Mawingu yameanza kujikusanya juu ya msitu wa Ngorongoro. Masika haiko mbali.

Asubuhi baba alikuwa na siku yake ya mapumziko lakini hakulala. Alichukua sururu na jembe, akaondoka bila kusema. Mama alikwishateremka chemchemini na wenzake. Sasa anakwenda baadhi ya siku, ingawa bomba lipo, na baba hamkatazi, ila nimeona anasimama getini mpaka warudi.

Nilimfuata kumpelekea chai. Nilimkuta pale penye udongo mwekundu, alipoanguka mama yake. Alikuwa anachimba ngazi. Amechonga ardhi, kila ngazi ameikandamizia jiwe, na jasho limelowanisha mgongo wote. Nikaanza kumsogezea mawe.

Tukasikia vicheko vinapanda. Mama alikuwa mbele, ndoo kichwani. Amekonda, na kilemba amekifunga upande, lakini alikuwa anajibizana na mama Penina nyuma yake. Alipofika kwenye ngazi akasimama, akazitazama.

Baba akaacha sururu. Akasogea mpaka ukingoni kabisa, mgongo kwenye nyasi, kumwachia njia.

"Usinipishe, baba Lazaro," mama akasema. "Nitue."

Baba akanyoosha mikono, akaipokea ndoo.